Shajara ya mradi: watu wa Tana River, wadi kwa wadi

Januari 2024

Kazi imeanza rasmi. Tunataka jedwali moja, likiwezekana ukurasa mmoja, lenye wadi zote 15 za Kaunti ya Tana River: kila wadi na idadi ya watu wake, kata ndogo zilizomo, na kaunti ndogo inayoisimamia. Watakaolitumia ni wananchi wanaohudhuria vikao vya umma vya bajeti ya kaunti. Huko mtu husimama akasema wadi yake ina watu wengi na zahanati ni moja, akiulizwa ni watu wangapi, hoja yake inaishia hapo.

Kwa mbali inaonekana kazi ya mchana mmoja. Sensa ilifanyika, vitabu vimechapishwa, kilichobaki ni kunakili. Tatizo ni kwamba kitabu cha sensa ya 2019 kinachogawa watu hadi ngazi ya chini kabisa kinafuata utawala wa serikali kuu: kaunti, kaunti ndogo, tarafa, lokesheni, kata ndogo. Huo ni mstari wa kamishna wa kaunti, naibu wake, chifu na naibu wa chifu. Kura na fedha za kaunti zinafuata mstari mwingine: kaunti, eneo bunge, wadi. Ni kama ngazi mbili zilizoegemezwa ukuta mmoja, vidato vyake visilingane. Mtu anayeishi Kinakomba yuko kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, na kila moja ina karani wake.

Kwa hiyo mradi wetu, ukiuvua mapambo, ni kuunganisha ngazi hizo. Mengine ni kupanga safu tu.

Nimeweka namba za kaunti nzima juu kabisa ya lahajedwali, ili kila jumla ya chini irudi kwake:

1989: watu 128,426
1999: watu 180,901
2009: watu 240,075
2019: watu 315,943

Katika miaka 30 watu wameongezeka karibu mara mbili na nusu. Kati ya sensa mbili za mwisho ongezeko ni asilimia 31.6. Waliohesabiwa 2019 walikuwa wanaume 158,550, wanawake 157,391 na watu wawili wa jinsia mbili, katika kaya 68,242. Wanaume wamezidi kidogo, ilhali Kenya nzima wanawake ndio wengi. Kaya ya hapa ina wastani wa watu 4.6, ya taifa 3.9.

Eneo ni kilomita za mraba zipatazo 37,950. Kaunti hii peke yake ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda, na wote waliomo ni pungufu ya theluthi ya watu wa Mombasa.

Januari, siku za mwisho

Kabla ya kugusa wadi, imebidi tusafishe jina la Tana River lenyewe. Jina hili limekaa juu ya vitu visivyopungua vitatu, na vyanzo havisemi kila mara vinazungumzia kipi.

Kuna kaunti, ya nne katika orodha ya Katiba ya 2010, baada ya Mombasa, Kwale na Kilifi. Ndani yake kuna kaunti ndogo ambayo nayo inaitwa Tana River, yenye makao Hola, na hiyo ndiyo inayolingana na eneo bunge la Galole. Kaunti ndogo ya Tana North inalingana na Bura, na Tana Delta inalingana na Garsen. Halafu kuna wilaya ya zamani, ambayo ni hatari kuliko zote. Wilaya ya Tana River iliyohesabiwa 1999 ndiyo kaunti nzima ya leo. Ile ya 2009 ilikuwa imeshamegwa: Tana Delta ilihesabiwa kando ikiwa na watu 96,664, na iliyobaki ikaitwa bado Tana River, ikiwa na 143,411.

Ukichukua "Tana River 1999" na "Tana River 2009" ukazilinganisha bila kuuliza, utaona watu wametoka 180,901 wakashuka hadi 143,411. Utaandika makala kuhusu uhamaji mkubwa, ukame, mapigano, chochote. Hakuna aliyehama. Wilaya ndiyo iliyopungua.

Nimeongeza safu inayoitwa "aina ya eneo", na hakuna namba inayoingia kwenye jedwali kabla safu hiyo haijajazwa.

Februari

Daraja la kati ya ngazi mbili limepatikana mahali ambapo watu wengi hawaangalii: Tangazo la Kisheria Nambari 14 la 2012, lililochapisha maeneo bunge 290 na wadi 1,450 za nchi nzima. Kila wadi imetajwa pamoja na kata ndogo zinazoiunda. Hii ina maana kwamba IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ilipochora wadi haikuanza na karatasi tupu. Ilikusanya kata ndogo zilizokuwapo ikazifunga mafungu mafungu. Kwa hiyo ukiwa na idadi ya kila kata ndogo kutoka kitabu cha sensa, na orodha ya Tangazo, unajumlisha.

Hivi ndivyo wadi zilivyo, na nazinakili hapa kwa sababu hata wakazi huchanganya. Garsen ina sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Galole ina nne: Kinakomba, Mikinduni, Chewani na Wayu. Bura ina tano: Chewele, Hirimani, Bangale, Sala na Madogo.

Angalia tofauti. Huku juu, Galole na Bura, wadi zimepewa majina ya mahali. Kinakomba ni jina la Wapokomo lenye umri mkubwa kuliko serikali yoyote iliyowahi kukaa Hola. Huku chini, Garsen, wamegawana pande za dira. Mtu wa Ngao ukimuuliza anatoka wapi atakwambia Ngao, hatasema upande wa dira. Kwenye jedwali tumeamua kuweka chini ya kila wadi vijiji na vituo vinavyojulikana, la sivyo msomaji wa Garsen atatafuta kwao asipaone.

Kwa wastani wadi moja ya Tana River ina kilomita za mraba zipatazo 2,530. Kaunti nzima ya Mombasa, yenye wadi 30, ni kama 220. Mwakilishi wadi wa huku akiambiwa "tembelea wananchi wako" anahitaji gari, dereva na siku kadhaa.

Machi

Mwezi huu umekuwa wa mipaka, na si kwa sababu tulipanga hivyo. Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ya maeneo bunge ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12, na ya wadi mara kwa mara. Mipaka ya sasa ilitangazwa Machi 2012. Miaka 12 imetimia, na mwezi huu wa Machi 2024 IEBC haina mwenyekiti wala makamishna, tangu Januari 2023. Muda umepita bila aliyeketi kitini kuupokea.

Basi tumeamua kuliongezea jedwali kazi ya pili: lionyeshe kila eneo bunge liko wapi kwenye mizani ya Katiba. Hesabu yenyewe ni fupi. Gawa watu wa nchi kwa 290. Hicho ndicho kiwango. Eneo lenye watu wachache waliotawanyika linaruhusiwa kuwa chini au juu ya kiwango kwa hadi asilimia 40. Maeneo ya kawaida ni asilimia 30.

Kwa sensa ya 2009 kiwango kilikuwa 133,138, na sakafu ya eneo kama letu 79,883. Garsen ilikuwa na 96,664, ikapita. Bura 82,545, ikapita kwa kupenya. Galole 60,866. Haikufika hata nusu ya kiwango. Iliokolewa na masharti ya mpito ya Katiba, yaliyosema kwamba upitiaji wa kwanza usifute eneo bunge lolote lililokuwapo. Wa kwanza tu. Wa pili hauna kinga hiyo.

Kwa sensa ya 2019 kiwango kimepanda hadi 164,015 na sakafu hadi 98,409. Jumla ya kaunti ukiigawa kwa tatu unapata 105,314, yaani kaunti kwa ujumla wake inabeba maeneo bunge matatu, ila kwa nafasi ndogo. Hiyo ndiyo namba ambayo ningetaka kila mzee wa Hola aijue. Mjadala wa mitaani ni kama Galole itafutwa. Swali la hesabu ni tofauti: watu wanatosha kwa maeneo matatu, lakini mistari ya ndani haiwagawi sawa. Kuiokoa Galole kwa njia hiyo ni kusogeza mpaka, na kusogeza mpaka ni kuchukua kata ndogo kutoka Garsen au Bura. Hapo ndipo kelele itakapoanza, maana kata ndogo hapa si namba. Ni malisho, ni mashamba ya mtoni, ni nani anamwita nani jirani.

Mwenzangu wa ramani alipendekeza tuongeze kila eneo bunge asilimia 31.6 ile ile ili tupate makisio ya haraka. Nilijaribu: Garsen kama 127,200, Bura kama 108,600, Galole kama 80,100. Inavutia, inajumlika vizuri, na sitaichapisha kama jibu. Inachukulia kwamba Hola, Madogo na vijiji vya delta vilikua kwa mwendo mmoja. Tutaiacha kwenye ukurasa wa kazi kwa ajili ya kupimia tu: jumla ya kata ndogo za eneo bunge ikitofautiana mno na makisio hayo, tunarudi kutafuta kata iliyoachwa au iliyohesabiwa mara mbili. Kwa kazi hiyo imeshatusaidia sana.

Aprili

Majina. Nilijua yatasumbua. Bangale inaandikwa pia Bangal. Hirimani ni Hirmani. Wayu ni Waayu. Kompyuta haioni kwamba ni mahali pamoja. Tumetengeneza orodha ya majina lakabu: kila kata ndogo ina jina moja kuu na mengine yote yanaelekezwa kwake. Kuchagua jina kuu si jambo dogo. Tahajia moja ni ya karani, nyingine ya Kipokomo, nyingine ya Kiorma, na kila mwenye yake anaona ya mwenzake ni makosa. Tumefuata tahajia ya Tangazo la 2012, kwa sababu tu ndiyo inayoungana na wadi, na tukaandika hivyo wazi chini ya jedwali.

Ngumu zaidi ni kata ndogo zilizozaliwa baada ya 2012. Serikali kuu imeendelea kuunda lokesheni na kata ndogo mpya. Wadi zimebaki zilivyo. Kata mpya haimo kwenye Tangazo, kwa hiyo haina wadi hadi umjue mama yake, yaani kata ya zamani ilikomegwa. Hapa karatasi hazisaidii, wazee ndio wanaosaidia. Chifu mmoja mstaafu wa upande wa mtoni alitukalia kwa subira akitaja kila kata ilivyogawanyika, nani alikuwa naibu wa kwanza, na mpaka ulipita wapi. Nilipomwuliza kama mpaka ni ule mkondo, alicheka. "Mkondo upi, mwanangu? Mto huu umehama mara ngapi tangu nizaliwe?"

Anasema kweli, na ni jambo linalogusa mradi wote. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kama kilomita 1,000, na huku chini unapita kwenye ardhi tambarare ambako huacha njia yake ukachonga nyingine. Mpaka uliochorwa "kufuata mto" ni mpaka unaotembea. Mgogoro wa mpaka na Garissa nao uko humu humu: kuna wanaosema kaunti inaishia ukingoni, na kuna wanaosema inavuka mto maili tatu upande wa mashariki, kwa kumbukumbu za enzi za ukoloni. Jedwali letu halitaamua. Tunahesabu kata ndogo kama sensa ilivyoziweka.

Jingine la mwezi huu: wafugaji. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku ule, na usiku wenyewe kwa sensa hizi nne ni wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Agosti ni kiangazi. Ng'ombe wa Waorma na Wawardei huwa wameshuka kutafuta maji na majani ya delta, wakipitia malka, zile njia za kufikia mto. Mwezi wa mvua wangekuwa mbali, kwenye nyanda za bara. Kwa maoni yangu, kata ndogo za delta zinaonekana zimejaa zaidi, na zile za nyanda kavu zinaonekana tupu zaidi, kuliko zilivyo mwaka mzima. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Ni picha ya usiku mmoja, na mhandisi wa visima akiitumia kama picha ya mwaka, atachimba kisima pasipo na ng'ombe.

Madogo nako kuna lake. Iko ng'ambo ya daraja kutoka mji wa Garissa. Wengi wanalala Tana River na kufanya kazi Garissa. Soko lao, na mara nyingi shule na hospitali, viko kaunti nyingine. Namba ya Madogo ni sahihi, ila mahitaji yake yanavuka daraja kila asubuhi.

Mei

Kazi ya mashinani imesimama. Mafuriko. Kaunti ilikuwa haijapumua kutokana na yale ya Novemba, mvua za masika zikaja. Jumapili ya tarehe 28 Aprili boti iliyokuwa ikivusha watu Kona Punda, kwenye barabara ya Garissa iliyomezwa na maji, ilizama na watu wakafa. Simu tulizokuwa tukipiga kuuliza mipaka, sasa tunapiga kuuliza hali.

Nimeandika kidogo tu mwezi huu. Jambo moja la kiufundi limejitokeza: kuna vijiji vilivyohamia mahali pa juu baada ya mafuriko ya awali, yale ya El Niño ya 1997 na 1998, na ya 2018, vikabeba majina yao. Kwenye orodha ni kijiji kile kile. Kwenye ramani kuna viwili, cha zamani na kipya, na mara nyingine hivyo viwili viko kata ndogo tofauti. Baada ya mwaka huu vitaongezeka. Tumeweka safu ya "mahali pa sasa" na kuiacha wazi kwa wale wa mashinani wajaze maji yakipungua.

Juni

Tumerudi mezani. Mabishano ya mwezi ni kuhusu safu ya fedha.

Wenzangu wawili walitaka kila wadi ionyeshwe "mgao wake" kwa kugawa fedha za kaunti kwa idadi ya watu. Nilipinga, na bado napinga. Fedha za mgao sawa, zile ambazo serikali kuu huzigawia kaunti, haziji Tana River kwa kuhesabu vichwa pekee. Katika fomula ya tatu ya mgao huo, iliyopitishwa na Seneti 2020, idadi ya watu ilikuwa na uzito wa asilimia 18 tu. Fomula iliyotangulia iliipa 45. Ukubwa wa ardhi ulikuwa asilimia 8, umaskini 14, na asilimia 20 iligawiwa kaunti zote 47 kwa usawa. Seneti ilivutana miezi kadhaa kabla ya kuipitisha, maseneta wa kaunti zenye watu wachache wakihofia kupoteza fedha. Sasa mtu akitumia jedwali letu kudai kwamba ndani ya kaunti fedha zigawiwe kwa vichwa vitupu, atakuwa amebeba kanuni ambayo ikitumika kitaifa ingemnyima yeye mwenyewe. Wadi ya Wayu haitaweza kamwe kushindana kwa vichwa na wadi za delta. Kilomita zake zinahitaji barabara vile vile.

Tumekubaliana hivi: safu ya watu, safu ya eneo, safu ya msongamano, basi. Fedha hazitaingia. Anayetaka kujenga hoja ya fedha ana namba zote tatu mkononi.

Msongamano nao nimeuwekea onyo. Kaunti ina watu 8 kwa kilomita ya mraba. Taifa lina 82. Lakini hakuna mahali unapoweza kusimama ukawaona hao wanane. Watu wamejipanga kandokando ya mto na barabara ya Garissa, Hola, Garsen hadi Malindi, kisha wakatanuka kwenye delta hadi Kipini. Toka kwenye ukanda huo uelekee Kitui, unasafiri masaa kati ya boma na boma. Kwa hiyo wadi ndefu iliyoanza mtoni ikaishia nyikani ina msongamano usiomhusu mtu yeyote aliyemo. Pale ambapo kata ndogo za wadi zinatofautiana sana, tunaonyesha kata, hatuonyeshi wastani.

Julai

Sheria ya IEBC iliyorekebishwa imetiwa sahihi, kwa hiyo jopo la kuteua makamishna linaweza kuundwa. Upitiaji wa mipaka utakuja, hata kama hakuna anayejua lini. Hilo limetupa haraka mpya.

Hali ya jedwali ilivyo leo. Wadi za Galole zimekamilika. Kila kata ndogo ina mama yake na jumla inakaa ilipotarajiwa. Bura imebaki Sala na Bangale, ambako kata mpya ni nyingi na wazee wawili wametupa majibu mawili tofauti kuhusu kata moja. Tutamtafuta wa tatu. Asipotupa jibu litakaloamua, tutaiandika kata hiyo chini ya wadi zote mbili kwa rangi ya manjano, na kuihesabu mara moja tu. Garsen inasubiri safu ya vijiji vilivyohama.

Toleo la kwanza litachapwa bila Garsen, kwa karatasi ya kawaida nyeusi na nyeupe, kwa sababu ndivyo litakavyonakiliwa Hola na Bura hata tukichapa kwa rangi. Hiyo ina maana manjano haitaonekana. Mwenzangu anabadilisha iwe mistari ya mshazari.

Bado sijaridhika na kichwa cha safu ya tatu. Tumeandika "Idadi ya watu 2019". Nataka isomeke "Waliolala hapa usiku wa 24 Agosti 2019". Ni ndefu, inavunja upana wa ukurasa, na wenzangu wanaikataa. Tutaipigia kura kabla ya kupeleka kwa mchapaji.